Doa Lililokataa Kukauka Kaskazi

Doa la kwanza lilikuwa dogo kama kisahani cha kahawa, nyuma ya jiko la gesi, chini kidogo ya mfereji wa kuoshea vyombo. Nililiona nikikaanga vibua. Ilikuwa masika ya 2019, na masika ya Unguja hayatafutiwi shahidi: chochote kilichotota, kimetoteshwa na yeye. Nikangoja mvua ziishe, nikanunua kopo la rangi ya mafuta, nikapaka.

Kiambaza kiliikubali ile rangi wiki sita. Kisha ikafura na kutoa malengelenge kama ngozi iliyorukiwa na mafuta ya moto. Ukiyabonyeza yanapasuka, na ndani hamna maji, mna unga mweupe, mwepesi. Mama akauchovya kwa ncha ya kidole, akaulamba, akaniangalia.

"Chumvi hii," akasema. "Mvua haina chumvi, mwanangu."

Mimi ni mwalimu wa hesabu. Nikamjibu kwa ujuzi wangu wote kwamba sisi tuko Malindi ya hapa Unguja, bahari iko hatua chache tu, na chumvi inaletwa na upepo. Nikapaka mara ya pili, na mara ya tatu, safari hii rangi ghali zaidi. Doa likawa la kisahani, likawa la sahani, likawa la sinia.

Kwa asiyezijua nyumba zetu za Mji Mkongwe, kuta zake ni za mawe ya matumbawe yaliyopangwa kwa udongo na chokaa, nene hata mtoto anaweza kulala kwenye kizingiti cha dirisha. Dari zinabebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti ya mkoko haivuki sana zaidi ya mita tatu, vyumba vyetu ni vyembamba na virefu kama majahazi. Hazikujengwa kwa ajili ya mabomba. Wazee waliteka maji visimani na kukinga mvua za mapaani. Hata Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alipoleta maji ya chemchemi kutoka nje ya mji, kuingiza mabomba kwenye kila jiko na kila msala lilikuwa jambo la baadaye sana. Ili bomba liingie, ukuta ulibidi ukatwe. Wetu ulikatwa mwaka 1988, marehemu baba akiwa hai. Alitia mabomba ya chuma, yale ya kijivu yaliyopakwa zinki, na kwenye kona akatia viungo vya brasi. Vyote vikazikwa kwa saruji, na juu yake plasta, na juu ya plasta rangi. Baba aliondoka na ramani kichwani mwake.

Mwisho wa 2020 likatokea lile lililowatoa usingizi watu wengi wa mji. Tarehe 25 Disemba sehemu ya Beit el-Ajaib iliporomoka, jumba la tangu 1883 ambalo kila mmoja wetu amekua akiliona kutoka Forodhani akidhani litatuzika sisi. Siku ile Mama hakula. Usiku nikamkuta amesimama jikoni na tochi, mkono wa pili ameuweka juu ya lile doa kama anayempima mtoto homa.

"Kaskazi hii," akaniambia. "Jua la Januari linakausha dagaa kwa siku moja. Likishindwa kukausha ukuta huu, jua si la kulaumiwa."

Januari ikaingia, upepo mkavu, jua kali, wiki tatu bila tone. Doa halikukauka. Hapo hata mwalimu wa hesabu alinyamaza.

Fundi wa kwanza alikuwa kijana wa mtaani, mwepesi wa mikono na wa maneno. Alikuja na tindo, nyundo na grainda ya kukodi, akaanza kuufungua ukuta kuanzia kwenye mfereji kwenda chini, kisha kulia, kisha juu, kama mtu anayetafuta hazina ya Wareno. Jikoni hapakuwa na cha kushika. Vumbi la chokaa liliingia mpaka kwenye kopo la iliki. Jioni akanionyesha elbo, kiungo cha kona cha bomba, iliyokuwa ikitoa jasho. Akaifunga kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, akaubana kwa waya, akaukandika kwa saruji na mchanga ambao sikumuuliza aliutoa wapi. "Dada, hii mpaka wajukuu," akasema. Wajukuu wangu watakuwa walizaliwa ndani ya miezi miwili, maana baada ya hapo ukuta ukaanza tena kutota.

Simlaumu sana. Nilimwambia nataka kazi ya haraka na ya bei ndogo, akanipa vyote viwili. Ule mchanga tu ndio ninaomwekea kinyongo, kwa sababu niliulamba baadaye, kama Mama, na ulikuwa wa pwani.

Aliyenitoa gizani hakuwa fundi wa mabomba. Nyuma yetu anakaa mzee tunayemwita Ami, aliyemaliza ujana wake kwenye majahazi. Alikuja kutuletea madafu, akaliona lile handaki ukutani, akatikisa kichwa.

"Chombo kikivuja huanzi kupiga kalafati kila pahala," akasema. "Unapima ngama kwanza. Maji yameingia kiasi gani, kwa muda gani. Ukishajua hayo ndio unatafuta tundu."

Ngama yetu sisi ni tangi la plastiki lililoko juu ya paa, la lita 1,000. Nikachukua ufito mnyoofu. Saa nne za usiku, watoto wamelala, nikafunga koki ya maji yanayoingia kutoka mtaani, nikahakikisha mifereji yote imefungwa, na tangi dogo la choo nalo nikalifungia koki yake, kwa sababu vyoo ni wezi wa maji wanaoiba kimya na wangeniharibia hesabu. Nikapanda juu, nikatumbukiza ufito mpaka chini, nikatia alama ya penseli pale maji yalipofika. Alfajiri, baada ya adhana, nikapanda tena. Maji yameshuka sentimita tatu.

Upana wa tangi lile ni mita moja na kidogo, kwa hiyo kila sentimita ni kama lita tisa. Lita ishirini na saba zimeondoka usiku mmoja, na hakuna mtu aliyenawa hata mikono. Niliisema hesabu ile kwa sauti pale pale juu ya paa, na ndipo nilipoogopa. Doa lilikuwa dogo mno kwa maji yote hayo. Yaliyobaki yalikuwa yakienda wapi?

Usiku wa pili nikafunga koki iliyo chini ya tangi lenyewe. Alama haikusogea, basi tangi ni zima. Usiku wa tatu nikaifungua hiyo nikafunga koki ya upande wa msala tu. Maji yakashuka vile vile, sentimita tatu kasoro. Maana yake njia ya msala ni salama na mwizi yuko njia ya jikoni. Kwa usiku tatu na penseli moja nilijua zaidi ya nilichokijua kwa miaka miwili ya rangi. Haya yote ningeweza kuyafanya wiki ile ya kwanza, na hayahitaji fundi wala mita.

Fundi wa pili alikuwa mzee wa Makunduchi, aliyekula chumvi nyingi. Nilipomweleza habari za ufito akacheka, akaniita "Mwalimu" tangu siku hiyo. Alikataa kuja mchana. Alikuja baada ya Isha, pikipiki zimepungua na mtaa umetulia, akaomba nifunge jokofu lisingurume. Akaiweka ncha ya bisibisi refu ukutani na mpini wake sikioni. Akasogea shibiri moja, akasikiliza. Shibiri nyingine. Pahala pamoja akakaa muda mrefu, akanipa bisibisi.

"Sikiliza, Mwalimu."

Nilisikia kitu kama mtu anayenong'ona "sss" chumba cha pili. Palikuwa hatua mbili kutoka kwenye doa, na juu zaidi. Maji yalikuwa yakitoka huku, yakiteremka ndani ya ukuta kwa njia yao wenyewe, yakijitokeza pale yalipochoka. Kijana wa kwanza alichimba panapolia, hakuchimba panapoumiza. Nami kabla yake nilikuwa nikipaka rangi kwenye machozi.

Kesho yake alifungua tundu moja tu, ukubwa wa sinia. Akaiondoa saruji kwa tindo dogo na kuipangusa kwa brashi, mpaka elbo ikabaki wazi. Nataka niieleze vizuri elbo ile, kwa sababu kama ningewahi kuiona mapema, nisingekuwa na cha kuandika.

Kwa umbo ilikuwa nzima. Kona yake imekaa sawa, hata maandishi ya kiwandani yakisomeka. Lakini brasi nzima ni ya manjano, na hii ilikuwa na wekundu wa ufizi, wa madoa madoa. Kuizunguka palikuwa na kitu cheupe kilichogandamana kama povu la sabuni lililokauka. Mzee akaikwaruza kwa ncha ya msumari. Msumari ukazama kama kwenye chaki. Kisha akaikamata kwa koleo, akakunja mkono kidogo tu, ikakatika kama boflo la juzi. Akanigeuzia pale ilipovunjika. Katikati ya unene wake palibaki uzi mwembamba wa manjano, na pande zote mbili, ndani na nje, wekundu umeula.

"Brasi si madini moja," akanieleza. "Ni shaba na zinki zimeyeyushwa pamoja. Hizi za bei ya kawaida zinki yake inakaribia sehemu mbili kwa tano. Maji yenye chumvi yanaitoa zinki kidogo kidogo, shaba inabaki peke yake, imejaa matundu kama sifongo. Ukiitazama utasema ipo. Nguvu haipo."

Ukweli huo ndio ulionishangaza kuliko yote. Chuma kikiliwa kinakupa ishara, kinatoa kutu, kinatia maji wekundu, kinachafua nguo nyeupe. Brasi inaondoka na adabu zake. Umbo linabaki pale pale, maji yanaendelea kuwa meupe, na siku moja unamsikia mtu akinong'ona ukutani.

Kando ya elbo palikuwa na kipande kifupi cha bomba la chuma chenye nyuzi za kukazia, kama za skrubu, pande zote mbili. Mafundi wetu hukiita nipo, na jina hilo hunichekesha mpaka leo, maana kile chetu kilikuwa hakipo. Nyuzi zake zilikuwa zimelika hadi kuwa karatasi. Mzee akasema madini mawili tofauti yakiunganishwa ndani ya maji ya chumvi huwa kama betri, na aliye dhaifu ndiye anayeliwa. Baina ya chuma na brasi, dhaifu ni chuma. Kwa hiyo pale pale kwenye kiungo, brasi ilikuwa ikiliwa na maji na chuma kikiliwa na jirani yake.

Kisha akaniuliza swali ambalo nilikuwa nalingojea bila kujua: "Maji yenu ya wapi?"

Mwaka 2014 maji ya mfereji yalikuwa yakija siku moja na kukosa siku mbili. Uani kwetu kuna kisima cha zamani. Mimi ndiye niliyetoa fikra, mimi ndiye niliyenunua pampu, na kaka yangu aliyeko Maskati akanisifu kwenye simu kwamba nimekuwa mwanamme wa nyumba. Tukaunga kisima kwenye tangi lile lile la juu. Maji yake si ya kunywa. Ukitia kwenye chai unaijua, na sabuni haitoi povu ila uisugue kwa hasira. Lakini ya kuoshea na kukogea yanafaa, tukasema, na maji ni maji.

Mzee hakunisema. Alikaa kwenye kibao cha mbuzi, akaigeuza ile elbo mkononi, akasema tu: "1988 mpaka 2014 ni miaka mingapi, Mwalimu?"

"Ishirini na sita."

"Na 2014 mpaka doa la kwanza?"

"Mitano."

Siwezi kuapa kwamba bila kisima elbo ingedumu. Ilikuwa ya zamani, na saruji yenye chumvi ilikuwa ikiishambulia kwa nje. Lakini ile chumvi aliyoilamba Mama sehemu yake kubwa niliipandisha mimi juu ya paa kwa umeme niliolipia mwenyewe.

Sasa zile lita ishirini na saba. Chini yetu anakaa shangazi yangu, dada wa baba, mtu wa haya sana. Alikuwa ameweka ndoo chumbani kwake kwa miezi mitatu na hakutuambia, alidhani ni mvua, halafu alidhani ni joto, halafu akaona aibu kwamba hakusema mapema. Mzee alipopanda kiti na kuuchoma mwisho wa boriti kwa bisibisi, pale boriti inapoingia ukutani, bisibisi iliingia mpaka mpinini kama kwenye muhogo uliochemshwa. Boriti ya pili vile vile. Ya tatu ilikuwa ngumu. Shangazi akaketi kitandani, akasema "Innalillahi" taratibu, kama anayempa mtu pole.

Siku hiyo hiyo tulimhamishia juu kwetu, tukaitegemeza dari kwa magogo. Kubadilisha boriti kwenye nyumba ya Mji Mkongwe si jambo la kuita seremala na kumlipa. Tuliomba kibali kwanza, na kazi ikangoja kibali. Mbao, seremala, boriti mbili na mwashi aliyejua chokaa vilichukua karibu mara sita ya pesa za mabomba. Elbo yenyewe, mpya, ilikuwa bei ya sahani mbili za urojo.

Niliposikia hesabu hiyo nilitaka kiungo kile kibadilishwe, ukuta uzibwe, yaishe. Mzee akakataa kazi. Alisema hiyo elbo ina ndugu zake. Zimenunuliwa siku moja, duka moja, zimekunywa maji yale yale. Akanitajia kona za bomba kutoka juu hadi jikoni nikazihesabu: tisa. "Hii imetangulia tu," akasema.

Basi tukayaua mabomba ya ukutani yote. Hatukuyatoa, kwa sababu kuyatoa ni kuuchinja ukuta upya. Tuliyakata na kuyaziba pande zote, yakalala humo na uzee wao. Mapya tukayapitisha nje ya ukuta, wazi, yameshikwa kwa vibanio kila baada ya hatua. Ni ya plastiki ngumu, PPR, yale ambayo viungo vyake havifungwi kwa nyuzi bali vinapashwa moto kwa mashine ya kiasi cha nyuzi joto 260, vinasukumwa kimoja ndani ya kingine, sekunde chache tu, na vikipoa vimekuwa kitu kimoja. Brasi ilibaki pale tu panapofungwa mfereji na koki.

Kaka yangu alipotumiwa picha alituma sauti ya dakika nne. Kwamba baba angesikitika, kwamba nyumba ya watu wa heshima haiachi mabomba nje kama gereji, kwamba yeye atalipa tofauti ili yafukiwe. Nikamsikilizisha Mzee. Akamaliza chai yake.

"Mwambie bomba si siri ya familia."

Kununua vile viungo vichache vya brasi nako kulikuwa na elimu yake. Tulienda pamoja Darajani, kisha Mlandege, yeye na tupa ndogo mfukoni na kipande cha sumaku. Muuzaji anakutolea kiungo kinachong'aa kama cha arusi. Mzee anakiweka sumaku kwanza. Kikinata ndani kuna chuma. Kisha anakipima uzito kiganjani. Kisha, kwa ruhusa, anakikwaruza kwa tupa pembeni, mahali pasipoonekana. Vitatu vya mwanzo vilitoka kijivu chini ya mng'aro. "Hii si brasi," anamrudishia muuzaji kwa upole, "hii ni zinki imevaa kanzu." Cha nne kilitoka manjano. Hata hapo hakuridhika mpaka akapata vyenye herufi DZR zilizogongwa ubavuni, alama ya brasi iliyotengenezwa ili isinyang'anywe zinki yake. Bei yake ilikuwa zaidi ya mara mbili. Nilivinunua vitano bila kubishana, mimi ninayebishana hata bei ya mchicha.

Kisima nacho tukakitenga. Sasa kina bomba lake na tangi lake dogo uani, kwa kumwagia miti na kuoshea ngazi. Siku maji ya mfereji yakikosekana tunabeba ndoo kama zamani. Wanangu wanalalamika. Mama anasema ndoo haijawahi kuozesha boriti ya mtu.

Kilichochukua muda mrefu kuliko vyote ni ukuta wenyewe. Nilidhani maji yakikatika siku saba zitatosha. Mwashi akaibandua plasta yote ya saruji jikoni, mpaka kwenye mawe, akaniambia nisubiri. Ukuta wa matumbawe na chokaa unapumua, maji yakiingia yanatoka. Saruji na rangi ya mafuta vinamfunika pua. Maji yanazunguka ndani, yanapanda, yanatafuta pengine pa kutokea. Kwa hiyo mbali na kule kuvuja, yale makopo yangu matatu ya rangi yalikuwa yakimkaba mgonjwa. Tulipika mbele ya ukuta uchi miezi saba. Kila wiki unatoa ule unga mweupe, unaupangusa kwa brashi kavu na kuukusanya kwa karatasi. Ukiuosha kwa maji unairudisha chumvi ndani. Unga ulikuwa mwingi, ukapungua, ukawa vumbi la kidole. Baada ya kaskazi nyingine kupita ndipo tukapiga plasta ya chokaa iliyolowekwa, na juu yake chokaa tupu. Haing'ai. Ukiiegemea inakuacha na mgongo mweupe. Nimeizoea.

Kabla vibanio vya mwisho havijafungwa nilipiga picha kila kona, na futi imenyooshwa pembeni ili umbali usomeke. Nikachora ramani kwenye karatasi ya daftari la skuli: koki iko wapi, inafunga nini, bomba la zamani limelala wapi ndani ya ukuta ili atakayepigilia msumari siku moja asishangae. Nimeibandika upande wa ndani wa mlango wa kabati la vyombo. Nakala nimempa shangazi, maana yeye sasa hasubiri ndoo ijae. Akiona unyevu wa kikombe cha chai anapiga hodi.

Mzee wa Makunduchi hakulipwa mpaka tulipomaliza jaribio moja. Usiku wa mwisho nilipanda na ufito wangu, nikatia alama, na alfajiri akapanda yeye na magoti yake mabovu, kwa sababu alisema mwalimu hasahihishi mtihani wake mwenyewe. Alama ilikuwa pale pale.

Kaka yangu alikuja Unguja Disemba iliyopita. Aliingia jikoni, akayatazama mabomba, akakunja uso, akataka kusema. Siku ya tatu nilikuta kikoi chake kimetundikwa juu ya bomba la maji, kinakauka.

Ile elbo iliyovunjika iko dirishani, kwenye kikombe. Ufito uko nyuma ya mlango wa ngazi ya paani, na nilidhani ni mimi peke yangu ninayejua upo. Ijumaa iliyopita niliamka usiku kunywa maji nikasikia hatua juu. Nilipofika nikamkuta Mama, miaka sabini na minane, tochi ameishika kwa meno, ufito ndani ya tangi, na kidole gumba juu ya alama.

"Shika tochi," akaniambia. "Usisimame tu."